Fomu ya chuo na hela ya kiwanja

Ilikuwa Jumapili mchana, Majengo, Moshi, sebuleni kwa dada yangu. Tulikuwa tumeshakula, chai imeshamiminwa, ndipo mpwa wangu akaleta fomu ya kujiunga na shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Akaiweka mbele ya kaka yetu mkubwa kama adabu inavyotaka, akarudi kukaa kwenye stuli karibu na mlango.

Kiwanja cha Bomang'ombe kilikuwa kimeuzwa. Kila mtu alipopata chake, fungu la marehemu shemeji likabaki kama milioni nane, na wote tulikubaliana kwamba ni la huyu binti. Kilichotuweka kikaoni ni kwamba ana shahada ya ualimu, ajira hajapata, na tangu amalize chuo anauza mitumba ya watoto na mama yake pale soko la Memorial. Sasa hizo milioni zilipe ada, au zikafungue mabelo ya mitumba?

Kaka alisoma fomu mpaka ukurasa wa nyuma. Akavua miwani.

"Bakhresa alisomea wapi biashara?"

Hakuna aliyejibu. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mhasibu wa ukoo na ndiye niliyekaa darasani kusomea mambo haya. Nikaomba nione kwanza hesabu za biashara yenyewe, ndipo niseme. Kikao kikaahirishwa, nikapanda Coaster ya jioni kurudi Arusha.

Wiki kadhaa zimepita na swali la kaka bado ninalo.

Majina tunayoyataja vikaoni

Kaka hakukosea kuhusu Bakhresa. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na vitu vidogo vya kula, na leo ni vigumu kupita siku nzima nchini hapa bila kugusa kitu chenye jina la Azam. Vijana wanaohudhuria semina za kuhamasishana watakutajia na Bill Gates, aliyeondoka Harvard mwaka 1975 bila kumaliza. Na sisi wa kanda hii tuna mtu wetu: Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji wa Simanjiro, ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite yenye uzito wa zaidi ya kilo 14, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Darasani hakwenda. Baada ya malipo akasema anataka kujenga shule kijijini kwake.

Hilo la shule huwa tunalipita haraka mno tunapomtaja.

Mimi nimefanya kazi na watu wa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite. Najua wanaapolo, yaani wachimbaji, walioshuka shimoni wakiwa vijana na wakatoka na kikohozi na madeni. Walikuwa na bidii ileile, walithubutu vilevile, na wengi wao nao shule hawakuiona. Hakuna anayewaita kwenye semina. Ukimhesabu Laizer peke yake utaona kuacha shule kunalipa. Ukiwahesabu wote walioshuka naye, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Na Gates, kabla hajaingia Harvard, alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta tangu 1968, akiwa kijana wa shule ya Lakeside kule Seattle, wakati watoto wengi wa dunia hii walikuwa hawajawahi kuiona kwa macho. Alipoaga chuo alikuwa na ujuzi mkononi, na nyumbani kwao kulikuwa na pa kurudi kama mambo yangekwama. Mpwa wangu akipoteza milioni nane hana kwingine pa kurudi.

Kwa hiyo swali la kaka ni la haki, ila majina hayo hayalijibu.

Wahasibu wawili

Wiki ile ya kwanza nilijikuta nikiwafikiria zaidi watu wawili ambao hawatajwi kwa namna hii, pengine kwa sababu ni wa taaluma yangu.

Wa kwanza ni wa kwetu. Reginald Mengi, mtoto wa Machame aliyekulia katika umaskini, alisomea uhasibu Uingereza, akarudi kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu na kupanda hadi ngazi za juu kabisa za kampuni aliyokuwamo. Miaka ile ya uhaba, bidhaa zilipokuwa hazionekani madukani, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam. Hapo ndipo IPP, kundi la kampuni zake, lilipoanzia. Alipofariki Mei 2019, tulimpokea kwa wingi huku Kilimanjaro, na kila mtu alisimulia habari ya zile kalamu. Ni wachache waliosimulia habari ya uhasibu.

Wa pili ni Phil Knight wa Marekani. Alisoma biashara Stanford, akamaliza 1962, na wazo la kuagiza viatu vya kukimbilia kutoka Japani aliliandika kwanza kama kazi ya darasani. Mwaka 1964 yeye na kocha wake Bill Bowerman wakachangia dola 500 kila mmoja, wakaanza. Aliuza viatu akivitoa kwenye gari lake kwenye mashindano ya riadha, na kwa miaka kadhaa aliendelea kuwa mhasibu na hata kufundisha uhasibu chuoni ili mkono uende kinywani. Kampuni hiyo ndiyo baadaye ikaitwa Nike.

Nawataka wote wawili wakae kikaoni pamoja na Bakhresa, maana wanavuruga ule mgawanyo tuliouzoea wa msomi huku na mfanyabiashara kule. Knight alikuwa na shahada ileile anayoitaka mpwa wangu, na bado alikuwa akifungua buti la gari kuuza viatu. Mengi alikuwa na ofisi na heshima zake, na bado alikuwa akiunganisha kalamu. Na wote wawili walikuwa na mshahara unaolipa kodi ya nyumba wakati biashara ikiwa changa. Hili la mshahara linanigusa kwa sababu mpwa wangu hana.

Belo linapofunguliwa

Jumamosi moja nikashuka Moshi kuona hizo hesabu. Nilitaka kuziona zikifanyika, kwa hiyo nikaenda Memorial asubuhi, kabla jua halijapanda.

Belo la kilo 45 lilikuwa limeshashushwa na kijana wa mkokoteni. Dada alilizunguka, akasoma lebo, akalibonyeza pembeni kwa kiganja. Mpwa akakata mikanda. Nguo za watoto zinafumuka na ile harufu ya dawa, na papo hapo mikono ya wale wawili ikaanza kwenda: hii huku, hii kule, hii chini. Hawakuongea. Gauni likishikwa, kidole kinapita kwenye zipu, kwapani na kwenye pindo, basi, limeshapata fungu lake.

Yakatoka mafungu matatu. La kwanza linatundikwa kwenye henga, vipande kama 60, bei elfu tano. La pili linapangwa mezani, vipande kama 120, elfu mbili. La tatu linamwagwa chini kwenye turubai, vipande kama 100, na hapo ndipo utasikia "buku! buku!", yaani elfu moja moja, mpaka jioni.

Dada ana kanuni yake, na wengi pale sokoni wanayo: fungu la kwanza na sehemu ya la pili zirudishe hela ya belo, mapema, kabla hujagusa hata mia kwa matumizi. Mtaji ukisharudi, kinachobaki ni faida. Kanuni hii imemsomeshea watoto, na mwalimu wangu wa fedha angeisifu, maana hela inayorudi haraka ndiyo inayomwokoa mfanyabiashara asiende kukopa kausha damu.

Mchana tukakaa, mimi na mpwa wangu, na karatasi.

Belo laki nne na nusu. Mauzo yakienda vizuri, laki sita na elfu arobaini. "Faida laki moja na tisini," akasema dada kutoka mezani kwake bila kugeuka.

Nikamwomba mpwa aendelee kutoa. Mkokoteni na mbeba mzigo, elfu kumi. Sehemu ya kodi ya kibanda na ushuru, elfu thelathini na tano. Binti anayesaidia kuuza, elfu arobaini. Ikabaki laki moja na elfu tano. Belo moja huchukua siku kumi na mbili hivi mpaka turubai lisafike. Tukagawanya: elfu nane mia saba hamsini kwa siku, na hiyo ni ya watu wawili, mama na mwanawe, kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Chakula cha mchana bado.

Mpwa akaitazama ile namba.

"Ina maana mimi na mama hatujilipi."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Alitaka kujua fungu la tatu linakula siku ngapi kati ya zile kumi na mbili. Kama ni sita, kwa nini asiliuze lote kwa mkupuo siku ya pili kwa wachuuzi wa Kiboriloni, hata kwa nusu bei, afungue belo jingine mapema? Tukapiga hesabu. Vipande 100 kwa mia tano ni elfu hamsini. Kwenye belo moja anapoteza elfu hamsini, lakini kwa mwezi anaweza kufungua mabelo manne badala ya mawili na nusu.

Vyuoni hiyo ni mada nzima, mzunguko wa mtaji na gharama mbadala, na mimi niliisoma nikiwa sina hata duka la kuifikiria. Yeye ameifikia akiwa amekaa juu ya gunia.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipoanza kuyumba. Nilikwenda Memorial nikiwa nimeegemea upande wa kaka: hela iende kwenye belo. Lakini mtu anayeuliza maswali ya namna hii darasa litamfaa sana, kuliko lilivyonifaa mimi.

Mali kauli

Kuna kitu kingine nilikiona Jumamosi ile, na ndicho kilichonichanganya zaidi.

Lile belo halikuwa limelipiwa. Dada alilichukua mali kauli. Mwenye stoo anamjua miaka mingi. Alimpigia simu, akamwambia mzigo mzuri umeingia, chukua, ukishauza utanipa. Hakuna karatasi wala dhamana ya kiwanja. Ni jina lake tu. Na mwenye stoo huyohuyo sasa anampa mpwa wangu, kwa kuwa ni mtoto wa fulani.

Mara nyingi tunasema chuo kinafundisha na soko linafundisha, halafu tunashindanisha masomo. Lakini watu wanaolipa mamilioni mengi kwenda shule ya biashara ya Harvard, iliyoanza mwaka 1908 na inayofundisha kwa kuwapa wanafunzi kisa cha kampuni halisi na kuwaambia waamue, wanalipia pia kujulikana. Miaka ishirini baadaye mmoja atampigia mwenzake simu, na simu itapokelewa. Dada yangu simu yake inapokelewa Memorial na Himo bila kulipa ada popote, ila inaishia hapohapo. Akitaka kontena kutoka bandarini, hakuna anayemjua.

Na majina ya namna hii yanakaa kichwani mwa mtu. Mwaka dada alipolazwa, biashara ilisimama. Hatukujua nani anadaiwa na nani anadai. Wachuuzi waliokuwa wamechukua nguo kwake walikuja kumpa pole, wakasali naye, na baadhi wakasema wameshalipa. Tungebishaje? Wenye stoo nao wakaja na hesabu zao, tukazilipa kama walivyozitaja.

Namheshimu dada yangu kuliko mwalimu yeyote niliyepita mikononi mwake. Lakini ujuzi wake wote ulilala kitandani pamoja naye.

Mimi kwa kazi yangu nakaa na wafanyabiashara wa kadirio, wale wanaolipa kodi kwa makadirio kwa kuwa mauzo yao hayazidi milioni 100 kwa mwaka, na hali hii naiona kila msimu wa kodi za TRA. Mtu amefanya biashara miaka ishirini, anajua bei ya kila kitu kuanzia soko la Kilombero hadi la Tengeru, lakini ukimuuliza duka lilizalisha kiasi gani mwaka jana anakutazama. Nikimwambia anapata hasara kwenye bidhaa anayojivunia kuliko zote, anadhani namtukana.

Mizani ya kahawa

Babu zetu huku mlimani walishughulika na jambo hilihili, na sijui kwa nini hatuwataji.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, akina Joseph Merinyo wakiwa mbele, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Wengi wao shule waliyopita ilikuwa ya misheni, ya miaka michache. Lakini mkulima alisimama mbele ya mizani ya chama cha msingi akaona kahawa yake ikipimwa, akapewa risiti, na kwenye mkutano mkuu akasimama kuuliza kwa nini bei ya mwisho imekuwa hivi. Karani alipaswa kujibu mbele ya watu.

Chuo cha Ushirika kikaja Moshi mwaka 1963, miaka thelathini baada ya KNCU. Leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika, tangu 2014. Kilikuja kwa sababu vyama vilikuwa vimekua kiasi cha kuhitaji watu wanaoweza kuandika vitabu vya hesabu na kuvitetea. Maswali yalikuwepo tayari, yameulizwa kwenye mikutano kwa miaka, na watu waliotumwa kusoma walijua wametumwa kutafuta nini.

Ninapofikiria mpwa wangu, mpangilio huo ndio unaonikaa moyoni. Naamini asome. Naamini pia akienda mwaka huu, na fungu lote la marehemu baba yake likaishia kwenye ada, atarudi Memorial na cheti na bila belo. Pale chuoni watamfundisha kuamua juu ya mtaji, na mtaji wenyewe atakuwa ameshawalipa wao. Mtu mwenye mifuko mitatu anaweza kusoma wakati wowote. Huyu ana mfuko mmoja.

Tena madarasa si ya uzamili tu. Kuna mafunzo mafupi ya SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya watu wenye viwanda na biashara ndogo. Kuna ngazi za awali za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ambazo mtu anaweza kuzisoma jioni akiwa na kibanda chake mchana. Hapa Arusha tuna Chuo cha Uhasibu pale Njiro, na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi, wana makao makuu yao hapahapa, wakifundisha mameneja wa nchi nyingi. Sidhani kuna uhaba wa pa kusoma kaskazini hii. Kigumu ni kujua unakwenda na swali gani.

Alichonijibu

Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa simu, nikidhani nimeyapanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa mjomba. Lakini wewe ulisoma kwanza, ndiyo maana unaweza kusema shule isubiri. Mimi nikienda benki na kaunta buku langu, meneja atanisikiliza? Wewe ukimpigia anakuita mheshimiwa."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mkopo ulioandikiwa mpango wa biashara na mtu mwenye shahada ya uzamili unasomwa tofauti na ule ulioandikwa na binti wa mitumba, hata kama namba ni zilezile. Nimeliona hilo nikiwa upande wa pili wa meza. Na kwa mwanamke kijana ni zaidi. Kaka anaweza kusema karatasi haifanyi biashara, lakini hajawahi kukaa kwenye benchi la kusubiri afisa mikopo akiwa na miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi, mimi na yeye, kabla ya kurudi kikaoni. Milioni tano zinaingia kwenye mabelo, kwa mpango wake wa kuuza fungu la tatu kwa mkupuo. Milioni tatu zinabaki benki na haziguswi. Kwa miezi sita anaandika kila jioni mauzo, gharama, na mshahara wake na wa mama yake, kiasi kinachotajwa na kulipwa. Jioni anaanza masomo ya utunzaji wa vitabu. Mimi nitapitia daftari kila mwisho wa mwezi na nitambana kwenye kila mstari, kama ninavyowabana wateja wangu. Ikifika mwezi wa sita mshahara umelipwa na mtaji haujapungua, anajaza fomu, na muhula wa kwanza nalipa mimi ili zile tatu zisubiri.

Ikiwa mtaji umepungua? Nilimuuliza. Akasema hapo ndipo atakuwa na la kwenda kuuliza darasani, na ataijaza vilevile. Bado tunabishana kwenye kipengele hicho, na kusema kweli naona anaelekea kunishinda.

Kaka hajakubali. Anasema milioni nane zote ziende kwenye mabelo na daftari litafuata. Dada alinyamaza muda wote tulipokuwa tukimsomea mpango. Halafu akavuta kiti, akataka tuandike kwanza watu wote anaowadai, tukaanza na yule wa Himo.